Shahidi Aliyeachwa Nje ya Kesi ya Yona

Kesi ya Daniel Yona ilipotea siku utetezi ulipofunga ushahidi wake bila kumpandisha Rais mstaafu Benjamin Mkapa kizimbani. Nalisema mwanzoni ili msomaji asihangaike kunitafuta ninasimama wapi. Mengine yaliyofanyika katika utetezi ule yanazungumzika, na mawakili wenye akili wanaweza kupishana juu yake mpaka usiku. Hili moja lilikuwa kosa, na kosa hilo liligharimu uhuru wa mtu.

Wasomaji wa Same, Maore, Gonja, Ndungu na Kihurio hawana haja ya kusimuliwa upya. Mliifuata kesi hii tangu Novemba 25, 2008, siku aliyekuwa mbunge wa Same Mashariki alipofikishwa Mahakama ya Kisutu pamoja na Basil Mramba wa Rombo. Mliifuata hadi Julai 6, 2015, jopo lilipowatia hatiani wote wawili na kuwapa miaka 3 jela, huku Gray Mgonja, Katibu Mkuu wa zamani wa Hazina aliyeunganishwa nao baadaye, akiachiwa huru. Mnaijua hasara ya Sh bilioni 11.7. Mnaijua Alex Stewart, kampuni ya ukaguzi wa dhahabu iliyoingia mkataba mwaka 2003 na kulipwa asilimia 1.9 ya thamani ya dhahabu iliyosafirishwa, wakati mrabaha wote uliokuwa ukiingia serikalini ni asilimia 3. Basi twende kwenye ufundi.

Hati ya mashtaka ilijengwa kwa aina mbili za makosa, na kila aina ilidai utetezi wake. Ya kwanza ni matumizi mabaya ya madaraka chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungu kile hakimwadhibu kiongozi kwa sababu uamuzi wake uligeuka kuwa mbaya. Kinataka kitendo cha kiholela, kilichofanywa kwa kuyatumia vibaya mamlaka ya ofisi, na kikaumiza haki za mwingine. Neno la kushika hapo ni kiholela. Mtu aliyeshauriana, akapeleka jambo kwa mkubwa wake na akarudi na idhini, anaweza kuwa amekosea, lakini ni vigumu kusema alitenda kiholela.

Aina ya pili ni kuisababishia Serikali hasara, chini ya Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984. Hapa ndipo wengi huteleza, na baadhi yao wamevaa joho. Kosa hili halihitaji mshtakiwa awe ameweka hata senti mfukoni. Uzembe unatosha. Kushindwa kuchukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua kunatosha. Kwa hiyo hoja ya “mteja wetu hakunufaika”, ambayo mawakili wetu huipenda sana mbele ya waandishi wa habari, haiuvunji msingi wa shtaka. Inasaidia wakati wa kuomba huruma kwenye adhabu. Kinachovunja shtaka ni kuonyesha kwamba tahadhari ilichukuliwa: nani aliulizwa, nani alijibu, nani aliidhinisha.

Sasa ziweke aina hizo mbili pamoja, na utaona zinahitaji kitu kimoja. Yule anayepinga uholela na yule anayepinga uzembe wote wanatafuta ushahidi wa namna uamuzi ulivyofikiwa na ngazi uliyofika. Utetezi uliliona hilo. Ulisema mahakamani kwamba kuajiriwa kwa mkaguzi wa dhahabu kulikuwa na baraka za Rais wa wakati huo. Ulikuwa mlango sahihi. Ulipofika mlangoni, ukaishia kuugonga tu.

Kwa maana ni nani aliyelithibitisha hilo? Washtakiwa wenyewe, pamoja na makaratasi. Neno la mshtakiwa juu ya idhini aliyopewa na bosi wake ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa mtu mwenye maslahi makubwa kuliko wote mle ukumbini. Hakimu anaruhusiwa kulipima kwa mizani hiyo, na kila hakimu hulipima hivyo. Karatasi nayo husema kilichoandikwa tu. Haiwezi kuulizwa swali la nyongeza. Haiwezi kujibu: Mheshimiwa, ulielezwa nini kabla hujaidhinisha? Uliambiwa kampuni italipwa kiasi gani? Ulikuwa na wasiwasi gani juu ya migodi ya dhahabu uliokufanya utake mkaguzi kutoka nje? Ulipoidhinisha, ulimwachia waziri wako nafasi ya kukataa?

Maswali hayo yalikuwa na mtu mmoja tu wa kuyajibu, naye hakuwa mbali. Alikuwa amestaafu tangu 2005. Tena kinga yake ya kikatiba haikuwa kikwazo kwa namna yoyote. Ibara ya 46 ya Katiba inamkinga Rais mstaafu asishtakiwe kwa aliyoyafanya kama Rais, na haimzuii kutoa ushahidi. Ukiitazama kwa jicho la wakili, kinga ile ilimfanya Mkapa kuwa shahidi bora kuliko shahidi yeyote ambaye utetezi ungeweza kumpata. Angeweza kusema “niliidhinisha mimi” bila kuogopa kwamba kesho yake naye atasomewa mashtaka. Ni mara ngapi wakili wa jinai anampata shahidi ambaye ukweli haumgharimu chochote?

Na kama kuna anayedhani kumwita Rais mstaafu mbele ya hakimu lilikuwa jambo lisilofikirika, ajibiwe na Mei 2012. Mwezi huo Mkapa alikwenda Kisutu, akapanda kizimbani na akatoa ushahidi. Alikwenda kumtetea Profesa Costa Mahalu, balozi wetu wa zamani nchini Italia, aliyeshtakiwa pamoja na Grace Martin kuhusu ununuzi wa jengo la ubalozi mjini Roma na hasara ya zaidi ya euro milioni 2. Ilikuwa mahakama ile ile ya Kisutu, na rais aliyewateua wote ni yule yule. Kesi ya Yona ilikuwa bado inaendelea humo humo. Njia ilikwisha kufyekwa na wengine, na waliokuja nyuma hawakuipita.

Itazame kazi ya Mabere Marando, Alex Mgongolwa na wenzao katika kesi ya Mahalu, maana ndiyo kipimo changu. Upande wa mashtaka ulikuwa umejenga kesi juu ya mikataba miwili ya jengo moja, na kwa macho ya kawaida mikataba miwili inanuka. Utetezi haukupoteza nguvu kuikana. Uliikubali, kisha ukamleta mtu aliyekuwa juu ya mnyororo wa uamuzi aseme alijua kilichokuwa kikifanyika na aliridhia. Ukaongeza kumbukumbu za Bunge za mwaka 2004, ambamo Jakaya Kikwete, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alilieleza Bunge kuhusu ununuzi ule bila kuukana. Baada ya hapo kilichokuwa kinanuka kikawa na maelezo, na maelezo yale yalitoka kwa watu ambao hawakuwa wakipigania shingo zao. Agosti 2012 Mahalu na mwenzake waliachiwa huru. Ule ndio utetezi wa mashtaka ya ofisini unavyofanywa: unapanda ngazi ya uamuzi mpaka juu kabisa, na unamshusha aliyeko juu aje aseme.

Mpare anayejua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, atanielewa. Maji yakivuja kwenye ukuta wa juu, hakuna anayekwenda kuziba mifereji ya shamba la chini na kujisifu kwamba amefanya kazi. Shtaka la Yona lilikuwa linavuja juu, pale penye idhini, na huko ndiko mtu alipaswa kupelekwa.

Nimezisikia hoja za kuutetea uamuzi ule, na nazipa nafasi yake. Ya kwanza ni kwamba mzigo wa kuthibitisha kosa uko kwa upande wa mashtaka, kwa hiyo mshtakiwa hadaiwi shahidi yeyote. Kisheria ni kweli tupu. Wapo pia wanaoongeza shauri la Azizi Abdallah dhidi ya Jamhuri, ambalo kila mwanafunzi wa sheria amelikariri: upande wa mashtaka ukimwacha shahidi muhimu bila sababu, mahakama inaweza kuchukulia kwamba ushahidi wake ungewaumiza. Sawa. Lakini shauri lile linasema mahakama inaweza, halisemi ni lazima. Wakili anayemwacha shahidi wake nyumbani kwa matumaini kwamba mahakama itamlaumu mpinzani kwa kutomleta anacheza bahati nasibu kwa kifungo cha mtu mwingine. Kutodaiwa shahidi ni haki ya mshtakiwa. Kuitumia haki hiyo wakati shahidi yupo na anajua ni upungufu wa hesabu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na naamini ndiyo iliyowatia hofu. Je, kama Mkapa angesema: “Niliidhinisha mkaguzi, lakini misamaha ya kodi sikuijua”? Hapo Mramba angezama. Mramba ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha. Misamaha ya kodi kwa Alex Stewart ilitolewa kwa matangazo ya Serikali yaliyopita mikononi mwake, na Mamlaka ya Mapato ilikuwa imeshauri kinyume. Ushauri ule ulikuwa jiwe zito kuliko yote katika kesi nzima, na Rais mstaafu asingeweza kuliondoa.

Nakubali. Na hapo ndipo ninapowashika. Kama shahidi mmoja anamfaa Yona na anamdhuru Mramba, basi watu hawa wawili hawakuwa na utetezi mmoja. Yona alikuwa Waziri wa Nishati na Madini. Uzito wa madai dhidi yake ulikuwa kwenye mkataba na kurefushwa kwake hadi 2007, mambo yanayohusu nani alitaka mkaguzi, kwa nini, na kwa idhini ya nani. Kalamu ya misamaha ya kodi haikuwa yake. Wakili aliyesimama kwa ajili ya Yona peke yake angesema wazi mbele ya jopo: sisi tunajibu juu ya mkataba, na juu ya mkataba tunaye shahidi, habari ya kodi waulizwe wenye kodi. Ni maneno magumu kuyasema mbele ya rafiki na jirani wa mkoa mmoja. Utetezi wa jinai haulipwi kwa ajili ya ujirani.

Badala yake mawaziri hao wawili walionekana siku zote kama kitu kimoja. Hasara ikahesabiwa kwa pamoja, lawama ikagawanywa kwa pamoja, na adhabu ikatoka kwa pamoja, miaka 3 kwa 3. Yona, ambaye naye alikuwa Waziri wa Fedha kabla ya Mramba, alikuwa na hatari ya ziada: kila kilichosemwa juu ya kodi kilimgusa kana kwamba naye alipaswa kujua. Hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kumtenga mapema.

Mtazame Mgonja, maana kutolewa kwake kunaeleza kila kitu. Katibu Mkuu ni mtendaji. Utetezi wa mtendaji ni kwamba uamuzi ulikuwa wa aliye juu yake, na kwa Mgonja aliye juu yake alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, sahihi yake ikiwa mezani mbele ya jopo. Hakuhitaji kuelezea kwa maneno kwamba bosi alikuwepo. Mahakama ilimwona. Mawaziri nao walisema jambo la namna hiyo hiyo, kwamba aliye juu yetu alibariki, ila aliye juu yao hakuonekana. Hoja ya aina moja ilifika mahakamani mara mbili: mmoja alikuwa na mkubwa wake ndani ya ukumbi, wengine walikuwa na jina tu. Sitaki kusema hiyo ndiyo sababu pekee iliyoandikwa kwenye hukumu. Nasema ndivyo kesi ilivyoonekana kutoka kwenye viti, na mahakimu wana macho kama sisi.

Kazi nzuri pia ilikuwepo katika utetezi ule: dhamana ilipatikana licha ya sharti zito la kuweka nusu ya thamani inayodaiwa, na Oktoba 2015 rufaa mbele ya Jaji Rugazia wa Mahakama Kuu ilipunguza kifungo hadi miaka 2.

Sasa niseme niliyoyasema mara nyingi katika safu hii, na nitaendelea kuyasema. Mawakili wetu wanapenda kuchelewa. Kesi ya mwaka 2008 ikahukumiwa 2015, na bado kuna wanaohesabu kila ahirisho kama bao. Katika kesi ya wizi wa ng'ombe labda kuchelewa kunamsaidia mshtakiwa, maana mashahidi husahau na kuhama. Katika mashtaka ya ofisini ushahidi wa upande wa mashtaka uko kwenye mafaili, na faili halizeeki. Anayezeeka ni mshtakiwa, na wanaozeeka ni wale wakubwa waliokuwepo kwenye kikao na wanaokumbuka nani alisema nini. Muda ulikuwa upande wa Jamhuri, na utetezi ukaugawa bure kwa mapingamizi. Daudi Ballali, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu wakati mkataba ule unaingiwa, alifariki Mei 2008, kabla hata hati ya mashtaka haijasomwa. Hilo peke yake lingetosha kumwambia wakili kwamba mashahidi wa ngazi ile hawasubiri.

Jingine ni magazeti. Kuanzia siku ile ya Novemba, neno fisadi lilitangulia majina yao kwenye kurasa za mbele. Mhariri anayemwita mtu fisadi kabla ya hukumu amejipa kazi ya hakimu bila kiapo. Lakini mawakili waliitikia vibaya pia, kwa kuipeleka hoja ya “hakula hela” kwenye kamera, hoja ambayo kama nilivyoeleza haikuwa na nguvu mbele ya sheria. Walishinda mjadala ambao jopo halikuwa likiusikiliza.

Watani wetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe afuatilie kesi ya kuku. Sisi tunaojua tulikotoka hatuoni aibu. Mwaka 1945 wazee wetu walipoandamana dhidi ya kodi ya mbiru, hawakuishia kunung'unika kwa machifu wao. Walishuka milimani kwa maelfu mpaka boma la Same, kwa mkuu wa wilaya, penye mamlaka iliyoweza kuifuta kodi ile. Isaria Kimambo aliiandika historia hiyo vizuri, na kila wakili anayetoka Upare angepaswa kuisoma kabla ya kuapishwa. Walielewa jambo ambalo mawakili wa Kisutu walilisahau: ukitaka uamuzi uelezwe, nenda kwa mwenye uamuzi. Kodi ile ilikuja kuondolewa. Hawakuwa na shahada za sheria, lakini walijua mkakati.

Mwisho wa Yona mnaujua. Februari 2016 yeye na Mramba walitolewa gerezani wamalizie adhabu kwa huduma kwa jamii, wakifanya usafi Hospitali ya Sinza Palestina kwa muda wa saa 4 kila siku. Watu wengi walicheka. Mimi sikucheka. Mzee aliyepata kuisimamia Hazina ya nchi anashika ufagio, na kumbukumbu za kesi yake hazina neno hata moja la kiapo kutoka kwa mtu aliyekuwa juu yake. Inawezekana angehukumiwa hivyo hivyo. Inawezekana Mkapa angesema machache kuliko tunavyodhani. Lakini tungejua, na jopo lingejua. Mramba alifariki 2021. Mkapa alifariki Julai 2020, na nafasi ya kumuuliza ikafungwa.

Nayasema haya leo kwa sababu ufundi wenyewe unapotea. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019 yalipoingiza makubaliano ya kukiri kosa, na Septemba mwaka huo Rais Magufuli alipofungua dirisha la kukiri na kurejesha fedha, kesi nyingi za uhujumu uchumi zimekuwa zikimalizwa mezani. Mwaka 2021 Harbinder Singh Sethi wa kampuni ya kufua umeme ya IPTL alikiri na kuamriwa kulipa Sh bilioni 26.9. Sipingi makubaliano, kuna wateja wanaofaidika nayo, na kuna mahabusu ambao kwao kila mwezi ni mateso, hasa pale shtaka la utakatishaji fedha linapowanyima dhamana. Ninachopinga ni kizazi cha mawakili wanaojua kupanga kiasi cha kulipa kuliko wanavyojua kupanga mashahidi. Wakili asiyeweza kuiendesha kesi mpaka mwisho hata mezani hana nguvu, kwa kuwa upande wa pili unajua hatakwenda kokote.

Kwa hiyo nawaambia mawakili vijana wa Same, Mwanga na Moshi mnaopokea sasa kesi za maofisa wa halmashauri, mameneja wa ushirika na wahasibu: siku ya kwanza ya jalada, kabla ya pingamizi lolote, orodhesheni ngazi zote za uamuzi unaolalamikiwa, kutoka kwa aliyesaini hadi kwa aliyeidhinisha. Mtenge mteja wako na wenzake mapema kama njia zao zinapishana, hata wakiwa ndugu wa ukoo mmoja. Chukua maelezo ya aliyeko juu kabisa akiwa bado yuko hai na kumbukumbu yake ikiwa safi, na akikataa kuja, omba hati ya mahakama ya kumwita. Akija akakugeuka, utakuwa umeshindwa kwa ushahidi, na kushindwa huko kunaweza kupelekwa rufani. Kushindwa kwa shahidi ambaye hukumwita hakuna mahakama ya rufani itakayokurekebishia.